Jiko la Usiku na Usingizi wa Jirani

Barua ilikuwa imekwisha kuandikwa na kutiwa saini na majirani thelathini na wanne. Kilichobakia kilikuwa mhuri wa msikiti. Ilielekezwa kwa ofisi ya serikali ya mtaa, ikiomba kijana mmoja anayekaanga chipsi na kuchoma mishkaki kwenye kona ya uchochoro wetu asipewe barua ya utambulisho ya kwenda kuombea leseni ya biashara. Sababu zilizotajwa zilikuwa tatu: kelele, moshi, na mkusanyiko wa watu hadi saa nane za usiku. Sisi wa kamati ya msikiti tulikabidhiwa barua hiyo siku ya Jumatano baada ya swala ya Isha, tukaambiwa inatakiwa asubuhi.

Tunakiri mbele ya wasomaji kwamba tulikaribia kuugonga mhuri usiku uleule. Waliotia saini ni watu tunaosimama nao safu moja. Mlalamikaji wa kwanza ni mzee wetu aliyeadhini katika msikiti huu kwa miaka mingi, naye sasa ana maradhi ya shinikizo la damu. Dirisha la chumba chake liko hatua nne tu kutoka jikoni kwa kijana. Nani angesita?

Aliyesita ni imamu wetu. Alituuliza swali moja: "Huyo kijana mmekwisha kumsikiliza?" Tukanyamaza. Akatukumbusha yale ambayo Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Sayyidna Ali (R.A.) alipomtuma Yemen kuwa kadhi, kwamba wakikaa mbele yake wagomvi wawili asimhukumie wa kwanza mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza mwenzake. Mhuri ukarudi sandukuni. Tukaomba muda wa siku kumi.

Tunayaandika haya katika kurasa za familia kwa sababu tunaamini mtaa wetu si wa peke yake. Miji yetu inazidi kukesha. Mwaka 2025 hapa Dar es Salaam ilizinduliwa biashara ya saa 24 katika soko la Kariakoo, na kila anayefanya kazi usiku anahitaji kula usiku. Wapo walinzi, wauguzi, madereva wa bajaji na bodaboda, na wapakuaji wa mizigo. Vijana wetu wameiona riziki hapo, nao si wa kulaumiwa kwa kuiona. Lakini nyumba zetu zimebanana, kuta ni nyembamba, na madirisha huachwa wazi kwa ajili ya joto. Riziki ya mmoja inapita juu ya mto wa mwenzake.

Kijana mwenyewe tulimkuta saa kumi za jioni akimenya viazi pamoja na mdogo wake. Alitukaribisha kwa adabu, akatufutia benchi. Alitueleza kwamba baba yake amefariki, na kwamba nyuma yake wako mama na wadogo watatu. Mtaji wake ni mkopo usio na riba aliopewa na ami yake, naye anaurejesha kila mwisho wa mwezi. Kibanda kilikuwa na miezi mitano, na alikuwa akitaka kutoka katika biashara ya kujificha aingie katika biashara ya halali mbele ya serikali. Alikwisha kupata namba ya mlipa kodi na mkataba wa pango.

"Mashehe wangu," alisema, "mimi siuzi pombe, sivuti bangi, na mwanamke akija peke yake usiku namhudumia wa kwanza ili aondoke. Kosa langu ni kukaanga viazi?"

Tukamwuliza kuhusu spika iliyotundikwa juu ya kabati la vioo. Akainamisha macho. Akasema aliiweka ili wateja wajue kuwa yuko wazi.

Kutoka hapo tulikwenda kwa mzee. Naye hakuzungumza kwa ghadhabu. Alisema yeye hulala mara tu baada ya Isha, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, kwamba Mtume (S.A.W.) alichukia maongezi yasiyo na haja baada ya swala hiyo. Kisha hupenda kuamka theluthi ya mwisho ya usiku. "Sasa silali, kwa hiyo siamki," alisema. "Wanangu, mimi sitaki kijana wa watu afunge duka. Nataka kulala."

Ili tusihukumu kwa kusikia, wawili miongoni mwetu tulimwomba mzee ruhusa ya kuketi chumbani kwake usiku wa Ijumaa, kuanzia saa nne hadi saa nane, tukiwa na kalamu na daftari. Tulichokigundua kilitushangaza. Jiko lenyewe karibu halisikiki. Mafuta yanapochemka ni mvumo tu. Kelele zilikuwa na vyanzo vitatu. Ya kwanza ni ile spika. Ya pili ni pikipiki: katika saa moja tu, baina ya saa tano na saa sita, tulihesabu pikipiki kumi na tisa, na nyingi ziliachwa zikinguruma huku dereva akisubiri mfuko wake. Ya tatu ni vicheko na mabishano ya mpira ya waliokaa kwenye mabenchi baada ya kula. Moshi nao uliingia kweli, kwa kuwa jiko la mkaa limewekwa upande wa dirisha.

Basi kelele nyingi hazikutoka kwa mwenye biashara, bali kwa wateja wake. Je, hilo linamwondolea dhima? Hatukuona hivyo. Anayewaita watu usiku kwa harufu ya nyama anao wajibu juu ya namna watakavyosimama. Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha Masahaba na kukaa njiani, na walipomweleza kuwa hawana budi, aliwaambia waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo alitaja kuzuia maudhi. Kibanda kilichopo njiani kinabeba haki ya njia.

Nyumba ya tatu tuliyoingia ni ya mama mmoja muuguzi, jirani yetu Mkristo, ambaye ukuta wake unapakana na uwanja wa msikiti. Jina lake halikuwamo katika barua. Tulidhani atakuwa upande wa walalamikaji, kwa kuwa mara nyingi tunamwona akirudi kazini amechoka. Alisema kelele zinamsumbua, naam. Lakini akirudi kutoka zamu ya jioni saa tano za usiku, kibanda kile ndicho mahali pekee anapopata chakula cha moto bila kwenda mbali, na taa yake ndiyo inayomfanya asiogope kupita uchochoroni.

Kisha akasema kwa upole jambo ambalo tulitoka nalo mpaka msikitini. "Shehe, msinielewe vibaya. Adhana mimi nimeizoea tangu utoto, huniamsha kazini. Lakini zile kanda za mawaidha zinazowekwa kabla ya adhana, na darsa za usiku kwenye spika za nje, siku nikitoka zamu huwa naziba masikio kwa mto. Kama mnaandika juu ya kelele, andikeni zote."

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jibu. Spika za kijana ni moja. Zetu zilizo juu ya mnara ni nne.

Tulipokutana tena, tulifungua vitabu kabla ya kufungua mjadala. Kijana na mzee, kila mmoja alikuwa na hoja yake katika fiqhi. Imamu Nawawi, katika kitabu chake cha Minhaj kinachosomeshwa sana kwetu watu wa madhehebu ya Shafi, ameitaja kauli iliyo sahihi zaidi kwamba mtu anaweza kuifanya nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au zizi, na duka lake lililo baina ya wauza nguo kuwa duka la mhunzi. Huo ni upana mkubwa kwa mwenye milki. Lakini ameufunga kwa sharti: achukue hadhari na aziimarishe kuta.

Upande wa pili iko Majalla, mkusanyo wa sheria uliotungwa na wanazuoni wa dola ya Uthmaniyya baina ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi. Humo kuna kanuni kwamba madhara huondolewa, na nyingine kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kifungu cha 1200 kinakaribia kuusema uchochoro wetu: madhara yaliyopindukia baina ya majirani yaondolewe kwa namna yoyote, na miongoni mwa mifano kimetajwa karakana ya mhunzi inayotikisa nyumba ya jirani kwa nyundo, na tanuri ambalo moshi wake unamfanya mtu ashindwe kukaa nyumbani kwake.

Ukizisoma kauli hizi mbili pamoja, hazigombani kama zinavyodhaniwa. Ya kwanza inasema: usimnyime mtu kazi yake, bali mtake hadhari. Ya pili inasema: hadhari isipotosha, madhara hayavumiliwi. Ndiyo kusema swali letu la mwanzo, kwamba apewe leseni au asipewe, lilikuwa swali pungufu. La kuuliza lilikuwa: apewe kwa masharti gani?

Sheria za nchi nazo zinaelekea hukohuko. Leseni ya biashara hutolewa na halmashauri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, na huhuishwa kila mwaka. Muuza chakula hukaguliwa na afisa afya, na wanaoshika chakula hutakiwa kupimwa afya. Kuhusu kelele, ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, ambazo hutofautisha mchana na usiku, na makazi na viwanda. Kipimo chake ni desibeli, nacho hakipandi kama tunavyopima urefu wa kitambaa: kila desibeli kumi zikiongezeka, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi. Mwaka 2009 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza sauti ya usiku nje ya nyumba za watu isizidi desibeli 40. Hicho ni kiasi cha mazungumzo ya chini chini. Pikipiki inayonguruma chini ya dirisha hukipita mbali sana.

Maana ya haya ni kwamba leseni si zawadi, wala katazo si adhabu. Leseni ni ahadi baina ya mfanyabiashara na wanaomzunguka. Asiye na leseni hana ukaguzi, hana ahadi, na akifukuzwa kona hii atahamia kona ya pili usiku uleule, akamkeshe mzee mwingine. Kumsaidia kijana aingie katika utaratibu ni kumpa na mzee mlango wa kulalamikia.

Basi tukawaita wote siku ya Jumapili baada ya Alasiri, kwenye ukumbi wa madrasa. Walikuja kijana na ami yake, mzee na binti yake, mama muuguzi, wawakilishi wawili wa waliotia saini, na kiongozi wa kijiwe cha bodaboda. Kikao kilianza kwa joto. Mmoja wa majirani alisema kwamba kijana "ameleta mji mtaani." Ami yake akajibu kwamba mji ulikuja zamani, kilichokuja sasa ni chipsi tu. Watu wakacheka, na kicheko kile kikatusaidia.

Makubaliano yaliandikwa kama ifuatavyo. Spika itaondolewa moja kwa moja. Jiko la mkaa litahamishiwa upande wa barabara na kuwekewa bomba la bati la kupandisha moshi juu ya paa. Kuanzia saa nne za usiku mabenchi yataingizwa ndani na chakula kitakuwa cha kufungasha tu. Pikipiki na bajaji hazitaingia uchochoroni baada ya saa hiyo. Zitasimama barabara kuu chini ya nguzo ya taa, na mdogo wake kijana, aliyetimiza miaka ishirini, atawapelekea mifuko yao. Kabla ya kufunga, eneo litafagiwa na taka kutiwa pipani, ili watu wa Alfajiri wasikanyage mifupa.

Kilichobaki kigumu kilikuwa saa ya kufunga. Majirani walitaka saa nne. Kijana alitaka saa nane, kama alivyozoea. Akasema kwa sauti iliyotetemeka: "Kuanzia saa sita mpaka saa nane ndipo ninapopata fedha ya ami. Mkiniondolea saa hizo, nani atanilipia?"

Swali lile lilikuwa la haki. Ni rahisi mno kumwambia mtu apunguze riziki yake halafu sisi tukaenda zetu kulala. Ikakubaliwa afunge saa sita kwa siku za kawaida, na saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili. Ramadhani itazungumzwa peke yake. Ami yake, Allah amlipe kheri, akayasogeza marejesho ya mkopo kwa miezi sita. Kamati nayo ikaamua kwamba chakula cha darsa ya kila Alhamisi, ambacho tulikuwa tukikiagiza mbali, kitatoka kwake. Aliyefaidika kwa utulivu achangie gharama za utulivu.

Kisha likaja zamu ya msikiti. Tukawasomea hadhirina pendekezo letu wenyewe: spika za nje zitumike kwa adhana na ikama tu, mawaidha, darsa na visomo vya kurekodiwa vibaki kwenye spika za ndani. Hatukuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Mwaka 2021 Saudi Arabia iliagiza misikiti yake itumie spika za nje kwa adhana na ikama peke yake, tena sauti isizidi theluthi ya uwezo wa chombo. Na kabla ya spika kujulikana duniani, Mtume (S.A.W.) akiwa katika itikafu alisikia watu wakiinua sauti katika kisomo, akafunua pazia akawaelekeza kwamba kila mmoja anamnong'oneza Mola wake, basi wasiudhiane. Ikiwa kisomo cha Qur'ani ndani ya msikiti kina mpaka wake, je, kanda ya saa kumi za usiku?

Si wote tuliokubaliana. Wajumbe saba waliunga mkono, wawili walikataa. Mmoja wao, mtu mzima tunayemheshimu, alisema sauti ya mawaidha humfikia asiyekuja msikitini, na huenda ikamwongoa. Hoja yake si nyepesi, wala hatujaidharau. Tulimjibu kwamba jirani aliyeamshwa kwa nguvu hasikii mawaidha, anasikia kelele. Hakuridhika, na mpaka leo tunapoandika hajaridhika, ingawa anaswali nasi na anashika makubaliano.

Mama muuguzi hakusema mengi siku ile. Aliinuka akasema, "Ahsanteni," kisha akaketi.

Miezi mitatu imepita. Si kila kitu kimenyooka. Mara mbili makubaliano yalivunjwa: usiku mmoja wa mechi kubwa, na usiku mwingine madereva wageni walipoingia mpaka dirishani. Mara zote mbili binti ya mzee alipiga simu, na kijana alitoka mwenyewe kuwaondoa. Mapato yake ya mwezi wa kwanza yalishuka, akatuambia bila kuficha. Mwezi wa pili yalianza kupanda, kwa kuwa mama muuguzi aliwapa wenzake wa zamu namba yake, nao huagiza chakula mapema. Mzee anasema analala siku nyingi, si zote.

Kwa familia zinazosoma ukurasa huu tuna nasaha chache. Mnapoagiza chakula usiku, kumbukeni kuwa nanyi ni sehemu ya kelele; mwambieni dereva azime pikipiki na asipige honi, muwe mmekwisha kusimama mlangoni. Wazazi, jueni watoto wenu wa kiume wako kwenye benchi gani saa tano za usiku. Kibanda si mlezi. Mwenye kuudhiwa na jirani aanze kwa kubisha hodi, kabla ya kuanza kukusanya saini. Jibril (A.S.) alimuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani mpaka Mtume akadhani kwamba jirani atapewa fungu la mirathi. Na mwenye kuanzisha biashara ya usiku awaendee majirani kabla ya kununua karai. Maneno yake siku hiyo yatamgharimu kidogo kuliko kesi baadaye.

Na ile barua? Iliandikwa upya. Inamtambulisha kijana kwa serikali ya mtaa kuwa mkazi mwenye mwenendo mwema, na imeambatanishwa na makubaliano yote ukurasa wa pili. Saini za safari hii ni arobaini na moja, pamoja na ya mzee na ya mama muuguzi. Leseni imekwisha kutoka, nayo imetundikwa pale pale ilipokuwa spika.

Mhuri wa msikiti tuliugonga mbele ya wote. Tunamwomba Allah atujaalie tusiugonge tena kabla ya kusikiliza.